Vumbi halingoji mpaka uamini

Ndugu mfanyakazi, na wewe bibi wa mfanyakazi unayesoma ukurasa huu nyumbani, leo hatusemi juu ya kofia ngumu, wala juu ya viatu vya kazi, wala juu ya nyaya za umeme. Tunataka kusema juu ya jambo moja linalowachosha watu wengi wenye nia njema. Jambo lenyewe ni hili: mtu anaelezwa ukweli uliopimwa na wajuzi, tena ukweli wa kumwokoa yeye na watoto wake, naye anajibu tu: «Hiyo ni uongo.»

Watu wa namna hiyo unawajua. Yuko mwenzako wa kikosi anayevua kifuniko cha pua kila kapita akigeuka, akisema kama yeye ametumika miaka mingi bila kuugua. Yuko shemeji yako anayeficha watoto siku ya chanjo. Yuko mzee wa jirani anayesema kama Ebola ni hadithi ya watu wanaotafuta franka. Umesema nao mara moja, mara mbili, mara tatu. Wamekucheka. Tena siku hizi simu inaleta maneno ya uongo mpaka chumbani mwa kulala, na yule anayeyaleta anaaminiwa kuliko mganga aliyesoma miaka saba.

Basi moyo wako unachoka. Unasema: «Kila mtu abebe mzigo wake. Mimi nitajichunga mwenyewe.» Ukiongeza na shida nyingine, bei ya unga inayopanda, umeme unaokatika, habari za vita vya Mashariki, unaona kama dunia nzima imekataa kusikia.

Ukurasa huu tumeuandika kwa ajili yako wewe unayechoka. Tunakuomba usiache. Lakini hatutaki kukupa maneno matamu tu. Tutazame pamoja kwa nini ukweli unakataliwa, hasara yake ni nini, namna gani ya kusema na mwenye kukataa, na sababu gani tunazo za kutumaini.

HATARI ISIYOONEKANA

Tuanze na kazi yetu wenyewe. Mwamba unaobeba shaba na kobalti katika Katanga una silisi nyingi ndani yake. Wajuzi wa mawe wanauita mmoja wa miamba hiyo kwa herufi tatu, RSC, maana yake mwamba wa silisi wenye matundu. Mwamba huo ukitobolewa, ukilipuliwa au ukisagwa, unatoa vumbi.

Vumbi unaloliona kwa macho, lile linalofanya nguo zako kuwa nyeupe au nyekundu, si lenye hatari kubwa zaidi. Sehemu yake kubwa inashikwa na pua na koo, nawe unaitema. Vumbi baya ni lile usiloliona. Chukua milimita moja, uigawe vipande 100. Chembe yenye hatari ni ndogo kuliko kipande kimoja cha hivyo. Chembe hiyo inaelea hewani saa nyingi baada ya mlipuko, hata wakati wewe unaona hewa imekwisha kuwa safi. Ukiivuta, inapita puani, inapita kooni, inafika mwisho kabisa wa mapafu, mahali hewa inapoingia katika damu.

Huko mwili unajaribu kuila ile chembe, lakini silisi hailiki. Mahali pake panabaki kovu. Makovu yakiwa mengi, pafu linakuwa gumu kama ngozi iliyokauka juani, na pumzi inapungua. Ugonjwa huo unaitwa silikosi. Kwa kawaida unajitokeza baada ya miaka 10 au zaidi ya kuvuta vumbi, na unaweza kuendelea hata baada ya mtu kuacha kazi. Dawa ya kuondoa makovu hayo haipo. Tena mwenye silikosi anashikwa upesi na kifua kikuu, na tangu mwaka 1997 wajuzi wa kansa wa Shirika la Afya Duniani wameandika vumbi la silisi katika orodha ya vitu vinavyoleta kansa ya mapafu.

Sasa unaona kwa nini yule mwenzako anajidanganya anaposema: «Miaka mingi sikuugua.» Ugonjwa huu haupigi kelele siku ya kwanza. Jiwe likianguka, kila mtu anaona. Vumbi linaingia bila kubisha hodi, na siku utakapoisikia pumzi inakatika ukipanda ngazi, kazi yake imekwisha kufanyika zamani.

Wapo wanaosema: «Mimi ninakunywa maziwa, yanasafisha kifua.» Maneno haya yamezunguka machimboni katika nchi nyingi. Maziwa ni chakula kizuri, unywe ukiyapata. Lakini njia ya chakula ni moja, na njia ya hewa ni nyingine. Maziwa yanashuka tumboni. Hayafiki kamwe mahali lile vumbi lilipo. Na pombe kali ni hivyo hivyo.

Habari hii si mpya. Mwaka 1556 kilitolewa kitabu cha mganga mmoja wa Ujerumani, Georgius Agricola, juu ya kazi ya machimbo. Humo aliandika kama katika milima ya Karpati walikuwako wanawake waliokwisha kuolewa na waume saba, mmoja baada ya mwingine, na wote saba waliuawa na vumbi la machimbo. Karne nne na nusu zimepita. Ukweli ulikuwa umeandikwa, na bado yuko mtu leo anayetundika kifuniko chake kwenye msumari.

MWENYE KUKATAA SI LAZIMA AWE MJINGA

Ukichoka na mtu, rahisi ni kusema: «Huyu ni mjinga.» Ndugu, tuwe waangalifu na neno hilo. Tutazame yaliyotokea katika nchi yetu.

Tarehe 1 Agosti 2018, Serikali ilitangaza kama Ebola imetokea Mangina, karibu na Beni, katika Kivu ya Kaskazini. Ugonjwa uliendelea karibu miaka miwili, mpaka tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua, na 2,287 walikufa. Ebola ilikuwa imekwisha kujulikana tangu 1976, huko Yambuku. Mara hii kulikuwa na chanjo, na watu zaidi ya 300,000 waliipokea. Hata hivyo watu wengi walikataa. Mwezi wa Septemba 2018 wajuzi waliwauliza watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Mmoja kwa kila wanne alisema ugonjwa huo haupo.

Kwa nini? Je, walikuwa wajinga? Hapana. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni walikuwa wanauawa kwa panga usiku. Waliomba msaada miaka minne. Halafu Ebola ikaja, na magari mengi ya wageni yakaja pamoja nayo. Watu wakajiuliza: «Tulipokufa kwa panga, hawa walikuwa wapi?» Mwisho wa Desemba 2018 wakaambiwa kama wao hawatapiga kura pamoja na nchi nzima, na sababu moja iliyotajwa ni Ebola. Kesho yake kituo kimoja cha wagonjwa Beni kilivamiwa. Mwezi wa Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili 2019, daktari Richard Mouzoko wa Kameruni, aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi katika hospitali ya Butembo.

Hatusemi hivyo ili kuwapa haki walioua. Aliyemwua mganga aliyekuja kuponya watu hana la kujitetea. Tunasema hivyo ili uelewe jambo moja: mara nyingi mtu hakatai dawa, anamkataa aliyeileta. Wale wajuzi waliouliza watu 961 walikuta hivyo hivyo. Wasiowaamini wakubwa wao walikuwa wepesi zaidi kuamini uvumi, na wazito zaidi kukubali chanjo.

HATA WENYE SHULE WANAKATAA

Usifikiri tena kama kukataa ukweli ni kwa maskini tu, au kwa asiyejua kusoma. Mfano mkubwa uko karibu nasi, Afrika Kusini.

Mwaka 2000 Rais Thabo Mbeki, mtu aliyesoma vyuo vya Uingereza, alionyesha mbele ya dunia kama ana mashaka kuwa virusi ndivyo vinaleta SIDA. Mwaka ule ule waganga na wajuzi zaidi ya 5,000 walitia sahihi tangazo la kusema wazi kuwa virusi ndivyo sababu. Waziri wake wa afya alisifu kitunguu saumu, limau na mboga ya bitiruti, wakati dawa za kweli zilikuwa zinacheleweshwa. Wajuzi wa chuo cha Harvard walifanya hesabu yao mwaka 2008. Walikuta kuwa kati ya 2000 na 2005 watu zaidi ya 330,000 walipoteza maisha kwa sababu dawa hazikutolewa kwa wakati.

Na sisi? Wazee wetu wanakumbuka. Miaka ya 1980, wakati nchi inaitwa Zaire, watu wengi waligeuza herufi za SIDA kuwa mchezo, wakasema ni ugonjwa wa kuwaziwa tu, uliobuniwa ili wapendanao wakate tamaa. Walicheka sana. Baadaye hakuna aliyecheka, maana kila familia ilikuwa na kilio. Mwimbaji Franco Luambo alitoa wimbo wa kuonya watu juu ya ugonjwa huo mwaka 1987, na waliokuwa hawasikii waganga walimsikia yeye.

Tunajifunza nini hapa? Kukataa kunatoka katika hofu, katika kiburi, katika faida ya mfuko, na katika uchungu wa kudanganywa zamani. Mambo hayo yako kwa mkubwa na yako kwa mdogo. Kwa hiyo usimdharau mtu. Tafuta kwanza kukataa kwake kunatoka wapi.

KUULIZA SI KUKATAA

Kuna neno lingine tunalopaswa kuliweka wazi. Mtu anayeuliza si adui. Mfanyakazi anayesema: «Vumbi la hapa mlilipima lini? Mlipima wapi? Hesabu ni ngapi?» huyo anafanya vizuri kabisa. Sayansi yenyewe inaishi kwa kuuliza na kupima. Haina mkubwa wala mdogo. Kipimo kikionyesha kama wajuzi walikosa, wajuzi wanapaswa kubadili neno lao.

Tofauti ni hii. Mwenye kuuliza akipata jibu lililopimwa, analipokea, hata kama halimfurahishi. Mwenye kukataa, ukimjibu swali moja analikimbia na kuleta lingine, na ukijibu hilo anarudia lile la kwanza. Yeye hatafuti jibu.

Tena sayansi haisemi kwa faida ya kampuni, wala kwa faida ya mfanyakazi. Mwaka 2020 wajuzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Leuven huko Ubelgiji, walitangaza matokeo ya uchunguzi juu ya watoto wanaozaliwa na vilema mjini Lubumbashi. Walikuta kama vilema hivyo vilionekana mara nyingi zaidi kwa watoto ambao baba zao wanafanya kazi ya machimbo. Neno kama hilo halimpendezi mtu yeyote. Lakini tusipolisikia, tutalindaje watoto wetu? Ndiyo maana tunasema: kila mwenye kupenda ukweli awe tayari kuusikia hata ukimgusa yeye mwenyewe.

NAMNA YA KUSEMA NA MWENYE KUKATAA

Sasa tufike kwenye kazi. Unafanya nini na yule mwenzako, au yule shemeji?

1. Usimwaibishe mbele ya watu. Mtu aliyechekwa mbele ya kikosi hatakubali hata kama moyoni ameelewa. Atalinda jina lake kwanza. Mwite pembeni, wakati wa kula au njiani kurudi nyumbani. Kama ni mkubwa wako kwa miaka, mwite yaya au baba, kama heshima inavyotaka, na uongee kwa upole.

2. Muulize kwanza, halafu nyamaza usikie. «Yaya, kitu gani kinakusumbua katika kifuniko hiki?» Labda atasema kinambana, kinamfanya akose hewa, au kimechakaa naye hakupewa kingine. Hapo shida si imani, ni kifaa. Mpeleke kwa mkubwa wa usalama akipate kinachomfaa. Mama anayeficha mtoto siku ya chanjo, labda mtoto wa kwanza alipata homa baada ya sindano, naye hakuelezwa. Mweleze kama homa ndogo ya siku moja au mbili ni mwili unaojifunza kupigana, na kama homa ikizidi ampeleke mtoto hospitalini.

3. Onyesha, usihubiri. Asubuhi jua likiingia dirishani, mwonyeshe vumbi linavyocheza katika mwanga, mahali ambapo dakika moja kabla aliona hewa tupu. Mwambie: «Na hili ndilo kubwa, dogo hata jua halituonyeshi.» Mwonyeshe mashini ya kutoboa inapofanya kazi na maji, na inapofanya kazi bila maji. Macho yake yatamwambia zaidi kuliko mdomo wako.

4. Mtafute anayeaminiwa naye. Labda wewe si mtu wa kumgeuza. Labda ni mchungaji wake, au mama mkwe, au mzee aliyestaafu anayevuta pumzi kwa shida. Huko Beni watu walipoona wagonjwa wao katika vyumba vyenye kuta za plastiki inayopitisha macho, wakaweza kusimama nje na kusema nao, hofu ilipungua. Na walioponyoka Ebola, ambao watu waliwaita washindi, walikubali kulea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa vitandani, kwa sababu ugonjwa ulikuwa hauwashiki tena kwa urahisi. Mshindi mmoja akisimama sokoni na kusema «mimi niliugua, nikatunzwa, nikapona», alikuwa na nguvu kuliko redio.

5. Usijifanye unajua yote. Akikuuliza jambo usilolijua, sema: «Hilo sijui, nitamuuliza mganga.» Kisha umuulize kweli, na ulete jibu. Mtu anayekubali mpaka wa maarifa yake anaaminiwa zaidi.

6. Usichanganye mabishano na sheria ya kazi. Mwenzako ana haki ya kufikiri anavyotaka. Hana haki ya kutoboa mwamba bila maji, wala ya kurudi mahali pa mlipuko kabla hewa haijasafishwa. Mawazo ni yake, lakini hewa ni yetu sote. Hapo usingoje mpaka akubali. Mwambie kapita, na kazi isimame. Huko si kumshitaki mwenzako. Ni kumrudisha kwa watoto wake.

SABABU ZA KUTUMAINI

Sasa utasema: «Hayo yote ni mazuri, lakini watu hawabadiliki.» Ndugu, watu wanabadilika. Tukupe mashahidi.

Wa kwanza ni Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, Somalia. Mwaka 1977 ndui ilikuwa imekwisha kufukuzwa karibu duniani kote. Hapa kwetu iliisha mwaka 1971. Maalin alitumika hospitalini, lakini alikuwa ameikwepa chanjo kwa kuogopa maumivu ya sindano. Mwezi wa Oktoba alipanda gari pamoja na wagonjwa wawili wa ndui, awaonyeshe njia, safari ya dakika chache tu. Ikamshika. Yeye ndiye mtu wa mwisho duniani aliyeshikwa na ndui kwa njia ya kawaida. Alipona. Mwezi wa Mei 1980, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ugonjwa huo umekwisha kabisa. Na Maalin alifanya nini baadaye? Alijitoa kufanya kazi ya chanjo ya polio katika nchi yake. Alipomkuta mzazi anayekataa, alimsimulia yake mwenyewe. Aliendelea na kazi hiyo mpaka kufa kwake mwaka 2013, kwa malaria. Aliyekimbia sindano aligeuka kuwa shahidi wa sindano. Je, shemeji yako hawezi?

Wa pili ni mganga wa Kongo, profesa Jean-Jacques Muyembe. Mwaka 1976 alikwenda Yambuku akiwa mganga kijana, akatoa damu ya wagonjwa kwa mikono mitupu, wakati hakuna aliyejua jina la ugonjwa ule. Mwaka 1995 Ebola ilipotokea Kikwit, alikuwako. Alishika njia hiyo zaidi ya miaka 40. Damu ya mtu aliyepona Kikwit ndiyo iliyosaidia kupata mojawapo ya dawa mbili zilizofaulu zilipopimwa katika Kivu mwaka 2018 na 2019, wakati ule ule vituo vinavamiwa. Katika wagonjwa waliopewa dawa hizo mbili wakati virusi vilikuwa bado vichache katika damu yao, karibu 9 kwa kila 10 walipona. Fikiri: wengine wanachoma vituo, wengine wanasema ugonjwa haupo, na ndani ya vituo hivyo watu wanaendelea kupima mpaka dawa inapatikana. Kama wangesema «watu hawasikii, turudi nyumbani», tungekuwa na nini leo?

Wa tatu ni wagonjwa wa SIDA wa Afrika Kusini. Hawakungoja Rais aamini. Walipanga mistari, walikwenda kortini, na mwezi wa Julai 2002 korti kubwa ya nchi iliamuru Serikali itoe dawa ya kuzuia mama asimwambukize mtoto wake. Leo hakuna nchi nyingine duniani inayotoa dawa za SIDA kwa watu wengi kama Afrika Kusini. Ni watu zaidi ya milioni 5.

Wa nne ni wafanyakazi wenzetu wa machimbo ya dhahabu ya nchi ile ile.   Mwezi wa Julai 2019 korti ya Johannesburg ilikubali mapatano kati yao na kampuni sita, ya randi bilioni 5, kwa wenye silikosi na kifua kikuu na kwa familia za waliokufa. Wengi walikuwa wamekwisha kuzikwa. Ukweli ulichelewa sana, lakini ulifika kwa sababu walikuwako watu wasiochoka kuandika, kupima na kuhesabu.

UTUNZE PIA MOYO WAKO

Neno la mwisho ni juu yako mwenyewe. Kuchoka si dhambi. Mtu anayebeba mzigo ana haki ya kuuweka chini kidogo, apumzike, kisha aubebe tena.

Usibishane na kila mtu. Chagua mmoja. Kikosi chako kina watu kumi. Ukimgeuza mmoja mwaka huu, mwakani mtakuwa wawili wa kusema. Usibishane usiku kwenye simu na watu usiowajua. Hutawaona, hawatakuona, na kesho utashuka shimoni ukiwa hukulala. Usingizi mdogo nao ni hatari ya kazi.

Tafuta wenzako wanaofikiri kama wewe: mama anayesaidia siku ya chanjo, mfirmie wa dispensari, kapita anayejali watu wake. Kidole kimoja hakivunji chawa. Na ufanye lililo karibu na mkono wako. Vita vya Mashariki huwezi kuvimaliza wewe peke yako, wala bei ya unga huwezi kuishusha. Lakini bomba la maji la mashini yako unaweza kulifungua leo. Mtoto wako unaweza kumpeleka kwenye chanjo leo. Mwaka 2019 surua iliua katika nchi yetu watu zaidi ya 6,000, na wengi wao walikuwa watoto wadogo. Mtoto mmoja aliyechanjwa ni kinga kwake, na ni kinga kwa mtoto wa yule anayekataa.

Hapo ndipo tunaona uzuri wa kazi hii, ndugu. Wewe unayemwaga maji unamlinda pia asiyeamini vumbi. Hatakushukuru, maana hatajua aliokoka nini. Lakini miaka ishirini ijayo atakuwa anapanda ngazi bila kukatika pumzi, naye atawaambia wajukuu: «Mnaona? Vumbi halikunifanya kitu.» Umwache aseme hivyo. Wewe utajua sababu.

KUMBUKA KILA SIKU

— Fungua maji kabla ya kuanza kutoboa. Mashini kavu ni mashini ya kaburi.
— Baada ya mlipuko, ngoja wakati uliowekwa. Macho hayawezi kukuambia kama hewa ni safi.
— Vaa kifuniko cha pua na mdomo kinachokushika vizuri usoni. Kitambaa cha kawaida hakizuii vumbi dogo.
— Usifagie kukavu, wala usipulize nguo zako kwa hewa ya kompresa. Lowesha kwanza.
— Oga na ubadili nguo kabla ya kwenda nyumbani. Usimpelekee mtoto vumbi la machimbo.
— Usikose picha ya mapafu ukiitwa, na uulize matokeo yake. Ni mapafu yako.
— Peleka watoto kwenye chanjo kwa tarehe zilizoandikwa katika karatasi yao.
— Ukisikia habari ya afya ya kutisha kwenye simu, usiitume kwa wengine kabla ya kumuuliza mganga.

Ukweli uliopimwa hauhitaji kelele. Unahitaji mtu wa kuusema leo, kesho, na kesho kutwa. Uwe wewe.